Mgonjwa Asiyejuliwa Hali

Wajukuu zangu mnaosomea uuguzi, juzi mlikuja hapa kwangu Mtendeni mkaniuliza ni mgonjwa gani ambaye sijamsahau katika miaka yangu yote ya wodini. Niliwacheka, nikawaongezea chai. Sasa nimekaa nikalifikiria swali lenu, na nimeona afadhali niwaandikie, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kila mara kwa hizo simu zenu.

Jina lake Zuhura. Lakini siwezi kumfikia Zuhura kabla sijampitia Mama Yustina, mkuu wa wodi ya wanawake, ambaye ndiye aliyenifanya niwe muuguzi. Mimi nilitoka kijijini upande wa Sikonge, binti wa Kimoraviani, nikijua kuimba kwaya na kulea vifaranga. Mama Yustina hakuamini kipimajoto mpaka aweke mgongo wa kiganja chake shingoni mwa mgonjwa. Mwenzetu mmoja siku moja aliandika joto bila kumgusa mtu. Mama Yustina akamuuliza mbele yetu sote kama amempima mgonjwa au amekipima kitanda. Tangu siku hiyo tuligusa shingo zote, hata za waliokuja kuuza karanga.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tukiitana ndugu, hata tukigombana. Sindano tulizichemsha, glavu tulizifua, tukazianika kwenye kamba na kuzipaka poda, na upepo wa Tabora ukija unakimbizana na glavu uwani kama unafukuza kuku. Ninyi mnaotupa glavu kila mnapomaliza kumgusa mtu mmoja, mshukuruni Mungu, halafu endeleeni kuzitupa, maana zile zetu zilikuwa na viraka.

Haya, Zuhura. Alikuwa fundi cherehani kule Isevya, katika ushirika wa wanawake walioshona sare za shule. Mumewe alimwacha akahamia Kigoma, naye akabaki na binti yao mdogo, Rukia, katika nyumba ya shangazi yake, Bi Mwanaidi. Kwanza lilififia jicho moja, kisha likarudi lenyewe. Watu wakasema ni husuda ya mafundi wenzake. Baadaye miguu ikaanza kufa ganzi. Akikanyaga pedeli ya cherehani, mguu unasita njiani, unashuka umechelewa, na uzi unakatika. Mwishowe akawa anatembea ameshika ukuta.

Bi Mwanaidi hakukaa akatazama. Alimkanda. Mnajua wenyewe, mtu wa kwetu akiona kiungo kimelegea, kwanza anatafuta sufuria. Alichemsha maji na majani, akamkanda Zuhura miguu na kiuno asubuhi na jioni, akamfunika blanketi na kumfukiza mpaka jasho likamtiririka. Na kila alipomkanda, Zuhura alizidi kulegea. Shangazi akaona bado moto haujatosha, akaongeza kuni. Walipomleta hospitalini alibebwa mgongoni, na sisi wauguzi, tukiwa wanawake wa huku huku, jambo la kwanza tulilofanya ni kumkanda kwa maji ya moto.

Aliyetukataza ni Dakta Mwombeki. Huyu alikuwa kijana wa Kihaya aliyesomeshwa Ulaya kwa gharama ya wakulima, kama alivyopenda kujikumbusha mwenyewe. Alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu anayeishi Tabora: hakujua kusalimia. Alikurupuka tu kwenye swali. Mgonjwa hajaulizwa habari za nyumbani, tayari anaulizwa choo chake. Mama Yustina alimvuta pembeni akamweleza kwamba watu wa mji huu wamepokea wageni tangu enzi za misafara, na mtu asiyesalimia huonekana amekuja kuchukua kitu. Kesho yake Dakta akaingia wodini akasema shikamoo kwa kila kitanda, hata kwa msichana aliyekuja kujifungua. Tulicheka mpaka tukatoka nje. Lakini tulimpenda tangu siku hiyo, kwa kuwa mtu mwenye elimu yake alikubali kufunzwa.

Basi, Dakta alimkuta Bi Mwanaidi na sufuria lake, akamwamkia vizuri, akamwomba amweleze kinachotokea akimaliza kumkanda mwanawe. Bi Mwanaidi akasita, akidhani anatafutiwa kosa. Zuhura ndiye aliyejibu. Alisema maji ya moto yakimfika mwilini, lile jicho linafunga pazia na miguu inapotea. Akikaa kivulini akapoa, pazia linafunguka kidogo. Dakta akakaa kwenye kitanda cha jirani bila kuangalia kama kuna mtu, na kwa bahati hakukuwa na mtu. Akatuambia kwamba huko alikosoma, madaktari walikuwa wakimwingiza mgonjwa kwenye maji ya moto makusudi ili waone dalili hiyo hiyo. Kulikuwa na ugonjwa uliojulikana kwa alama hiyo, maltipo sklerosisi, na hakutarajia kuukuta Tabora. Sufuria likaondolewa, na tukaanza kumfunga Zuhura vitambaa vya maji baridi.

Sasa ikabidi amweleze Zuhura na shangazi yake ni kitu gani. Alisema mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme, na mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi. Katika ugonjwa huu walinzi wamekosea, wanatafuna ganda la mishipa. "Ni kama mbwa wako wa nyumbani ameanza kuwauma watoto wako," akasema. Bi Mwanaidi akamjibu kwa upole kwamba nyumbani kwao hawafugi mbwa. Dakta akafikiri, akasema basi ni kama mgambo waliowekwa kulinda kijiji, halafu wakaanza kuwapiga wanakijiji. Mama Yustina akakohoa kikohozi kirefu, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mgambo amekuja kumwona mkewe. Yule mgambo alicheka kuliko wote.

Ndipo akazitaja dawa. Kulikuwa na vidonge vya manjano vilivyotumika Ulaya kwa watu waliopandikizwa figo, vya kuwalaza usingizi wale walinzi wa mwili. Wataalamu wachache walikuwa wameanza kuvijaribu kwa ugonjwa huu. Mwalimu wake wa huko angeweza kumpatia, vingekuja kwa meli na treni. Lakini walinzi wakilala, mwizi naye anaingia. Homa ndogo inaweza kuua. Kikohozi cha jirani kinaweza kuua.

Zuhura akamuuliza kama vitamponya.

"Sijui," Dakta akasema. "Hakuna anayejua. Ndiyo maana wanajaribu."

Wajukuu zangu, sikuwahi kumsikia daktari akitamka neno hilo mbele ya mgonjwa. Enzi zile daktari alijua au alinyamaza. Mama Yustina alimtazama kama anayemwona upya. Dakta akamwambia Zuhura afikiri kwanza, aulize anaotaka kuwauliza, na akikataa atamtunza vile vile, hatamnunia. Zuhura alikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko tulivyodhani. Kilichomfanya akubali ni Rukia. Alisema mtoto wa miaka mitatu hawezi kulelewa na mama anayetambaa, maana wote wawili watakuwa wanatambaa na hakuna wa kumwinua mwenzake. Alisema hivyo akicheka, huku nikimfunga kitambaa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza vidonge vilipofika. Dakta alimpa kwanza dawa za minyoo, akampima kifua mara mbili, akamhamishia kwenye chumba kidogo mwisho wa veranda. Mama Yustina alinipa kazi ya kumlinda. Nilimfungua kinywa kila asubuhi kutafuta vidonda, kwa sababu mtu ambaye kinga yake imelala huanza kuharibika kinywani kabla hajajisikia vibaya. Nilichemsha maji yake mimi mwenyewe. Nilimnyima maziwa ya mgando aliyoyapenda. Damu yake ilipelekwa maabara kila wiki, zikahesabiwa chembe nyeupe kwa hadubini, na zikipungua sana Dakta anapunguza kidonge. Hayo yote yalikuwa mepesi. Jambo gumu walikuwa wageni.

Mnajua desturi yetu. Mtu akilazwa, Isevya nzima inakwenda kumjulia hali. Asiyekwenda ataulizwa msibani. Wanakuja na watoto wamewabeba, wanakuja na mafua yao, wanakaa kitandani kwa mgonjwa, wanamshika uso. Sasa mimi, msichana wa juzi, nasimama mlangoni nawaambia akina mama waliompakata Zuhura akiwa mchanga kwamba hawaruhusiwi kuingia. Nilitukanwa kwa Kinyamwezi, nikatukanwa kwa Kiswahili, na bibi mmoja alinisomea kitu kwa Kiarabu ambacho hadi leo natumaini kilikuwa dua. Maneno yakaenea mjini kwamba Zuhura ana ukoma, kwamba amefungiwa, kwamba daktari wa Ulaya anamnyonya damu kila wiki. Hilo la mwisho, kwa bahati mbaya, lilikuwa na chembe ya ukweli.

Bi Mwanaidi mwenyewe alikuja amekasirika. "Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone," akamwambia Dakta. "Wewe unasema mgeni asije. Mwanangu atapona kwa kitu gani?"

Dakta hakubishana na wahenga. Alimweleza tena juu ya walinzi waliolala, kisha akamwambia ukweli kwamba hajui afanye nini na watu hao, na kwamba mji ni wa Bi Mwanaidi, si wake. Yule mama akaondoka. Kesho yake, kwenye baraza ya nyumba yake, akatandika mkeka, akaweka mto, akavaa kanga safi, akalala. Kila aliyekuja kuulizia habari za Zuhura aliambiwa amjulie hali yeye shangazi, kwa niaba.

Mwanzoni walidhani ana wazimu. Lakini desturi ikipewa njia, inapita. Walikaa mkekani wakamshika mkono, wakamwambia pole, wakamletea uji, asali, mayai, mchuzi wa kuku. Yeye akapokea kila kitu kwa sauti ya kinyonge. Jioni alikuja hospitalini akasimama uwani, mbali na dirisha, akamtajia Zuhura majina yao mmoja mmoja na salamu za kila mmoja, na nani amelia kweli na nani amejikamua. Zuhura alikuwa anacheka mpaka ananiita nimfute machozi. Shangazi alinenepa miezi hiyo, na akalaumu uji wa watu. Nimewaona maprofesa wengi tangu wakati huo, lakini sijaona aliyeielewa kazi ya kuzuia maambukizi kama mama yule kwenye mkeka wake, na Dakta Mwombeki alikuwa akisema hivyo hivyo.

Rukia aliletwa mara moja tu, akasimamishwa uwani. Alipomwona mama yake dirishani alilia kwa namna ambayo sitaki kuieleza, akakataa kula siku iliyofuata. Zuhura ndiye aliyesema asiletwe tena mpaka atakapotoka. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akageukia ukutani.

Mvua zilipokuwa katikati, tetekuwanga ikaingia Isevya, na Rukia akaipata. Bi Mwanaidi hakutaka kusema. Zuhura alimjua shangazi yake, akasikia kitu katika sauti, akamkamua mpaka akasema. Nilipoingia na chai nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa kanga mbili, anajaribu kusimama. Aliniambia nimwitie teksi au nimpishe. Nikamwita Dakta.

"Nikienda kwa mwanangu nitakufa?" Zuhura akamuuliza.

"Sijui. Unaweza kufa. Shangazi yako hakumbuki kama uliwahi kuugua tetekuwanga utotoni."

"Na nikibaki, hivi vidonge vyako vitanisimamisha?"

"Sijui."

"Kumbe hujui kitu chochote."

Dakta akavuta kiti akakaa. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Najua kimoja, dada," akasema. "Rukia nimetoka kumwona sasa hivi. Atapona bila wewe. Hilo nalijua."

Kweli alikuwa ametoka huko. Alikwenda kwa baiskeli kwenye tope, na kabla ya kuja kwetu alioga na kubadili nguo nyumbani kwake. Kama angemdanganya siku ya kwanza kwa kumwambia dawa hii inaponya, siku hii Zuhura asingemwamini. Mimi nilijifunza hapo kwamba neno "sijui" ni akiba. Daktari aliyelitumia kwa haki, siku akisema "najua" anaaminiwa. Zuhura alivua kanga moja, akaikunja vizuri, akajilaza. Alilia bila kujificha, nami nikakaa naye nikalia, na Mama Yustina aliyepita akaona tunalia, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutufokea. Alishika tu shingo ya Zuhura kwa mgongo wa kiganja na kusema hana homa.

Rukia alipona. Na Zuhura, polepole, akaanza kusimama. Kwanza vidole vya mguu vilianza kutii. Halafu akawa anavuka chumba, halafu veranda asubuhi kabla jua halijakaza. Sisi tulipiga vigelegele. Afisa mmoja wa mkoa alisikia, akaja na wazo kwamba Zuhura atembezwe jukwaani kwenye sherehe, wananchi waone kazi ya madaktari wetu wenyewe. Dakta alimshukuru, akamwambia kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi nyuma wenyewe, na mgonjwa mmoja hathibitishi dawa. Afisa akauliza sasa aseme nini kwenye hotuba. Dakta akamshauri aseme juu ya mkeka wa Bi Mwanaidi. Afisa aliondoka akiamini anadhihakiwa, lakini Dakta hakuwa anadhihaki.

Ili msije mkaniuliza baadaye, niwaambie yaliyofuata. Ugonjwa ulirudi. Ulimwachia miaka ya kutembea, ikawa mizuri, akashona, akamwona Rukia akianza shule kwa sare aliyoishona mama yake. Kisha bidhaa zikaadimika nchini, vidonge havikuja tena, na miguu ikarejea kule kule. Kama ni vidonge vilivyompa ile miaka, au ni ugonjwa tu uliopumzika, Dakta alikufa hajui, na alikuwa akikiri hivyo kila alipoulizwa. Leo nasikia kuna dawa za kinga zinazochagua ni walinzi gani wa kulazwa na gani waachwe macho. Mkizitumia, kumbukeni kwamba kabla ya kila dawa ya uhakika kulikuwa na mtu fulani aliyeimeza bila uhakika.

Siku ninayotaka mwione ni siku aliyotoka. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Dakta alikuwa amepunguza vidonge, akamruhusu kwenda nyumbani kwa masharti. Alikataa kubebwa. Nilimsindikiza kwa teksi hadi kona ya mtaa, akashuka, akatembea kwa fimbo mpaka barazani kwa shangazi yake, na majirani waliokuwa wamejaa pale walimpisha, kila mmoja amefunga mikono mgongoni kama walivyoelekezwa, asimguse.

Rukia alikuwa amesimama nyuma ya Bi Mwanaidi, ameshika kanga yake. Alikuwa amerefuka, na makovu madogo ya tetekuwanga yalikuwa bado kwenye paji la uso. Bi Mwanaidi akamsukuma mbele taratibu, akamwambia amwamkie mgeni wake. Mtoto akamtazama Zuhura usoni, akatazama fimbo, akapiga magoti kidogo kwa adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo," akasema.

Hakusema mama, wala hakumkimbilia; alimwamkia kama mtoto anavyomwamkia mtu mzima asiyemfahamu. Zuhura, aliyekuwa amelala miezi yote ile katika kile chumba kwa ajili ya mtoto huyu, aliinamia kidogo fimbo yake.

"Marahaba, mama," akajibu.

Hakumvuta, wala hakumwita. Aliweka fimbo chini, akashuka polepole kwa miguu yake mwenyewe mpaka akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu mbele ya macho ya watu wote, akaanza kusubiri.